Fisi na Mwili Mpya Bila Kunyanyua Jiwe

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wanajuliana hali kabla ya kulana, mvua ilikata mguu. Mto ukabaki mchanga mtupu na alama za kwato. Maji yalisalia mahali pamoja tu, katika shimo la mwamba juu kabisa ya jabali lililoitwa Kipara, kwa kuwa halikuota hata unyasi mmoja.

Mfalme Simba akatoa amri. Maji ya Kipara yanywewe huko huko juu, na asiteremshe mtu hata tone. "Kila mnyama apande kwa miguu yake," alisema. "Maji yakiteremshwa, tutajuaje nani mzima na nani goigoi?" Yeye mwenyewe alipanda alfajiri, na wote walielewa kwamba mfalme anapohema, adabu ni kutazama pembeni.

Aliyeumizwa na amri ile kuliko wote ni Fisi. Si kwamba alikuwa amekonda. Hapana, ukame ule ulimpenda sana. Swala walianguka, nyumbu wakaanguka, na kila aliyeanguka Fisi alihudhuria msiba wake, akakaa mpaka chakula kikaisha. Miezi miwili ya kufiwa ilimpa tumbo lililokuwa likifika mahali kabla yake. Kisha kiu ikamjia, naye akagundua kwamba nyama, hata ikiwa nyingi namna gani, haizimi kiu.

Alijaribu kupanda Kipara mara tatu. Mara ya kwanza alifika ngazi ya sita ya mwamba, akaona nyota mchana kweupe, akalala hapo hapo, na foleni nzima ikalazimika kumzunguka. Mara ya pili nyota zilimsubiri kwenye ngazi ya tano. Mara ya tatu aliteleza kwa tumbo mpaka chini, akawazoa digidigi wawili ambao hawakuwa na ugomvi naye wowote.

Simba alikuwa na tiba yake. Kila asubuhi, chini ya jabali, aliwanyanyulisha wanyama mawe. "Mwili hujengwa kwa uzito," alinguruma. Jiwe lake mwenyewe lilikuwa kubwa kama kibanda, na alipenda kusimama karibu nalo, mguu mmoja juu yake. Hakuna aliyewahi kuliona likiacha ardhi, wala hakuna aliyechoka na maisha kiasi cha kuuliza. Fisi alipewa la saizi ya kichwa cha nyati. Alilifikisha magotini, mgongo ukalia "ka", akatembea kiubavuubavu siku tatu.

"Nitakufa, Bibi," alimwambia Bibi Kobe, aliyekuwa anarudi kutoka kunywa maji. Bibi Kobe alikuwa ameanza safari ile juzi. "Nitakufa na kiu, tumbo limejaa."

"Utakuwa wa kwanza katika ukoo wenu kufa bila kulalamikia njaa," alisema Bibi Kobe, akaendelea na safari.

Fisi alilia kweli, tena bila machozi, kwa kuwa hata maji ya machozi hakuwa nayo. Ndipo Sungura alipojitokeza nyuma ya kichaka. Sungura, kama ilivyojulikana, hakupenda kupanda jabali, hakupenda kuchimba, na kwa ujumla hakupenda kitu chochote kilichoanzia kwenye misuli.

"Kaka Fisi," alisema kwa huruma kubwa, "nani kakudanganya kwamba mwili hujengwa kwa mawe? Hayo ni mambo ya kizamani. Mimi nina mazoezi yangu, hunyanyui hata kokoto. Siku arobaini tu, tumbo linarudi mahali pake, na miguu inakuwa kama ya swala."

"Swala wa namna gani? Maana ninaowaona siku hizi wote wamelala."

"Swala mzima, kaka."

"Na wewe unataka nini?"

Sungura alionekana kuumia. "Mimi na wewe tufike huko? Niite Mwalimu, basi, inanitosha."

Mafunzo yakaanza kesho yake. Zoezi la kwanza liliitwa Chuchumaa-Uchote. Unachuchumaa, unachota udongo kidogo, unaurusha nyuma, unasimama, unarudia. Kwa bahati, udongo uliofaa zaidi kwa zoezi hilo ulikuwa mlangoni kwa Sungura. Baada ya siku kumi, Sungura alikuwa na shimo lenye sebule, ghala, na chumba cha wageni ambao hakuwa na nia ya kuwakaribisha.

Zoezi la pili lilikuwa la Bondeni. Kule mbali, nyuma ya vilima viwili, kulikuwa na bonde lililojaa matango pori. Fisi alitakiwa kukimbia mpaka huko, kuchuma tango moja, kuling'ata kwa kikonyo chake, kurudi nalo mbio, kuliweka mlangoni kwa Mwalimu, kisha kugeuza. Mara ishirini kwa siku.

"Si nichukue mawili mawili nipunguze safari?" Fisi aliuliza.

"Mawili ni mzigo," alisema Sungura. "Mzigo tumeukataa. Moja, jepesi, taratibu ya kitaalamu."

La tatu lilikuwa la alasiri. Fisi alisimama juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, pale pale mlangoni, tena upande wa magharibi, jua linapochoma. Asitikisike mpaka Mwalimu aseme basi. Mwalimu alikuwa ndani amelala kivulini, na mara nyingi alichelewa kusema basi.

Sasa utauliza, kwa nini Fisi, ulimi umemkauka kama gome, asiyale yale matango? Yalikuwa maji matupu, ukiligonga moja unayasikia ndani. Lakini wewe hukukulia katika ukoo wa Fisi. Kwao, kitu ambacho hakijawahi kupumua si chakula, ni mandhari. Babu yake hakula tango, baba yake hakula tango, na mara moja alipomuuliza Mwalimu kama linalika, Sungura alimtazama kwa masikitiko.

"Wewe, Fisi mwana wa Fisi, ule majani?"

Fisi aliona aibu, hakuuliza tena. Akaendelea kubeba maji mdomoni mara ishirini kwa siku na kuyapeleka kwa mtu mwingine, huku akifa na kiu. Jioni Sungura alimtupia ganda lenye nyama kidogo ya tango, akaliita dawa ya misuli. Fisi alifumba macho akalimeza kama mgonjwa anayemeza mwarobaini, kisha akashangaa jinsi dawa ile ilivyomrudishia uhai.

Wanyama walicheka mpaka wakachoka. Sungura mwenyewe alikuwa akiwaambia wapita njia, "Mmeona mtumishi anayeshukuru kila jioni? Mimi ninaye." Fisi hakusikia, na hata angesikia asingeamini. Alikuwa na furaha. Maishani mwake watu walikuwa wamemwita mlafi, mwizi, na majina mengine ya nyumbani. Hakuna aliyewahi kumwita mwanafunzi. Na kwa kuwa ratiba haikumwachia nafasi ya kuhudhuria misiba, tumbo lilianza kujishughulikia lenyewe, kimyakimya.

"Mjukuu wangu," Bibi Kobe alimwambia siku moja wakipishana, "una kiuno siku hizi."

Fisi alijitazama, akadhani bibi anamtania.

Siku ya thelathini na nane Fisi alirudi mdomo mtupu. "Mwalimu, bonde limekwisha. Hakuna tango hata la dawa."

Sungura alitoa kichwa mlangoni kwa taabu. Mashavu yalikuwa yamejaa, shingo ilikuwa imehama, na yale masikio marefu yalionekana madogo juu ya mwili ule. "Pumzika," alisema. "Kupumzika nako ni zoezi."

"Sasa nijaribu kupanda Kipara?"

"Bado. Hujafuzu. Ukipanda sasa utavunjika."

Alisema hivyo kwa uhakika mkubwa, maana nani angejua vizuri kuliko yeye kwamba hakukuwa na chochote cha kufuzu?

Siku ya kwanza bila dawa, Fisi alivumilia. Ya pili, kiu ilimzidi. Alijua sasa anakufa, na akaona ni afadhali afe akiyaelekea maji kuliko afe akimsubiri Mwalimu. Akaenda Kipara, akashika foleni nyuma ya nguruwe mwitu, akaanza kupanda. Kwenye ngazi ya sita alisimama akasubiri nyota. Hazikuja. Akapanda ya saba kwa wasiwasi. Ya kumi na mbili. Nguruwe mwitu aliombwa apishe njia, na aliyeomba ni Fisi. Alipoinua macho, hakukuwa na ngazi nyingine, kulikuwa na maji.

Alikunywa mpaka akasahau jina lake. Kisha akalia, na safari hii machozi yalikuwepo. Alimkumbuka Mwalimu, akainamia ukingo wa jabali aitangaze shukrani yake.

Na kumbe Mwalimu yuko pale chini. Kiu ilikuwa imepata njia mpaka chumba cha wageni. Sungura alirukia ngazi ya kwanza, akarukia ya pili, ya tatu akaitambaa. Kwenye ya nne aliketi akashika kifua, na foleni ikaanza kumzunguka.

Fisi alishuka mbio, kucha zikigonga mwamba. "Mwalimu, mazoezi yamekubali. Nimefika juu, wala sikuhema."

"Nibebe," alisema Sungura.

"Ati nini?"

"Mgongoni. Nipandishe."

Fisi alikunja uso. "Lakini mzigo tumeukataa, Mwalimu. Mzigo unaharibu mwili."

Kiu haina subira, na Sungura ilimtoa akili. "Mazoezi gani, mjinga we? Hakuna mazoezi. Nilitaka nyumba, nikapata mchimbaji. Nilitaka matango, nikapata mchukuzi. Ule ubao wako mlangoni ulikuwa pazia la kuzuia jua. Haya, inama nipande."

Foleni ikasimama. Simba, aliyekuwa kando ya jiwe lake, akasogea asikie vizuri.

Fisi aliumia. Aliumia kuliko siku ile mgongo ulipolia. "Na yale matango," aliuliza polepole, "yalikuwa na maji?"

"Maji matupu."

Fisi akahesabu moyoni. Siku thelathini na nane, mara ishirini. Maji yote yale yalipita kati ya meno yake. Alimtazama Sungura, jinsi alivyonona, na kila aliyekuwepo akajua kitakachofuata. Digidigi walifumba macho. Simba alihama kidogo ili jiwe lisimzibie. Hata Fisi mwenyewe alidhani anajua, kwani mate yalikuwa yameshaanza kumtoka, na mate ni kitu ambacho hakuwa nacho mwezi mzima.

Kisha akaitazama miguu yake.

"Kwa hiyo hukujua," alisema, "kwamba mazoezi yale yanafanya kazi."

"Ningejuaje? Nimewahi kuyafanya?"

"Basi leo utajua." Fisi alimzunguka, akasimama ngazi ya tatu, nyuma yake. "Panda."

"Kaka Fisi, nina kiu. Siwezi."

"Maji yako juu. Kubeba sikubebi, na kuteremshiwa ni marufuku. Panda."

"Na wewe huko nyuma unafanya nini?"

"Nina njaa," alisema Fisi kwa ukweli kabisa. "Siku arobaini sijahudhuria msiba."

Sungura aligeuka akaona mdomo ulivyofunguka. Ngazi ya tano aliirukia kwa mpigo mmoja. Ya sita aliona nyota, akazipita. Kila alipotaka kuketi, pumzi ya moto ilimgusa mkia, naye akapata nguvu ambazo hakuwahi kuzitangaza. Ilimchukua mpaka adhuhuri. Alifika juu amelowa jasho, anatetemeka, akatumbukiza uso wote majini.

"Vizuri," alisema Fisi. "Kesho alfajiri, tena."

"Tena? Kesho?"

"Kesho utakuwa na kiu tena, Mwalimu. Au utapenda tuanze na Chuchumaa-Uchote? Nyumba yako ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Bibi Kobe amesema atahamia sebuleni, na anataka dirisha."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, alfajiri kwa alfajiri. Sungura mbele, Fisi nyuma, mdomo wazi. Mafuta ya Sungura yalibaki kidogo kidogo kwenye mwamba, na Fisi, kila alipomwona amekonda zaidi, alisikitika kwa moyo wote, maana windo lake lilikuwa likiyeyuka mbele ya macho. Lakini hakuacha. Wanyama wakaanza kujiunga nao mmoja mmoja, na mawe ya asubuhi yakakosa wanyanyuaji. Simba alisema mambo yale ni ya kitoto. Halafu, kila alasiri, akawa anatoweka nyuma ya jiwe lake kubwa, na aliyepita karibu angeona viwiko viwili na vidole vya miguu, mwili umenyooka, manyoya ya shingo yanatetemeka. Wote walielewa kwamba adabu ni kutazama pembeni.

Mvua ilirudi, mto ukajaa, na Kipara kikabaki na upara wake. Hakuna aliyelazimika kupanda tena. Fisi alirudi kwenye misiba, na tumbo nalo likamrudia, kwa sababu Fisi ni Fisi. Ila Sungura hajapumzika mpaka leo. Ukikutana naye mbugani, hata saa ambayo hakuna anayemfukuza, utamwona anakimbia, anasimama, anakimbia tena. Wageni humsifu kwamba anautunza mwili wake. Yeye anageuka kwanza, anaangalia nani yuko nyuma.