Mkono wa Kushoto wa Nakijwa

"Mshipa mchanga haushurutishwi." Jana mlinisikia nikimwambia kaka yenu Mbonea maneno hayo, alipomgombeza mkewe mgeni kwa kujificha jikoni, nanyi mkacheka mkauliza bibi amekuwa daktari tangu lini. Basi endeleeni kuchambua hayo maharage, niwaeleze. Msemo huu hatukuurithi kwa wahenga. Ulitoka kwenye mkono wa mdogo wangu Nakijwa, na ilikuwa hivi.

Nakijwa aliolewa kulekule kwetu Upareni, mlimani, karibu na nyumba ya mama yetu. Kila asubuhi alimpelekea mama uji kabla ya kwenda kwenye shamba lake la tangawizi. Figo zake zilipokufa, akaletwa kwangu hapa Moshi, kwa kuwa mashine ya kusafisha damu ilikuwa hapa, na ilimtaka mara tatu kwa wiki. Alidhani atakaa kidogo. Mwaka ukageuka.

Damu yake ilipitia kwenye mrija wa mpira uliotiwa shingoni. Mpira ule ulikuwa mlango wa maradhi. Mara moja ulimletea homa iliyomtetemesha mpaka meno yakagongana. Baada ya hapo daktari akamkataza kusafiri mbali. Ndipo akafanyiwa upasuaji mkono wa kushoto: mshipa unaoleta damu kutoka moyoni ukaunganishwa na ule unaoirudisha, ili huu wa pili unenepe na uweze kuchomwa sindano za mashine. Wenyewe huuita fistula.

"Ukikomaa na kufanya kazi vizuri," daktari alimwambia, "tutautoa mpira wa shingoni, nawe utakwenda kumwona mama yako."

Tangu siku hiyo akautunza mkono ule kama mtoto. Hakuubebesha ndoo, hakuulalia. Kila alipoamka aliweka vidole juu ya kovu asikilize damu inavyotetemeka ndani.

Mimi nilikuwa nikipanda kumwona mama, na kila niliporudi alinitwisha ndizi. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini alizichagua mwenyewe kwa kuzipapasa. "Mpelekee Nakijwa, ale, apone upesi." Kumbe ndizi zilikuwa zimekatazwa kwa ugonjwa wake. Nakijwa alizipokea, akazinusa kwa muda mrefu, kisha akawagawia watoto wa jirani. Kwenye simu alimwambia mama, "Zilikuwa tamu." Hakuwa na moyo wa kusema vingine.

"Unakuja lini?" mama aliuliza.

"Karibuni, mama."

Siku ya kuutumia mkono ikafika. Sindano ya kwanza iliingia salama. Ya pili ilitulia kidogo, kisha ikatoboa ukuta wa mshipa. Nakijwa alihisi kama pilipili imemwagwa ndani ya nyama, lakini akauma midomo. Aliogopa kwamba akilalamika watasema mkono haufai. Mashine ndiyo iliyopiga kelele. Sista Kabula, muuguzi wa zamu, alipofunua shuka, mkono ulikuwa umefura kama kiazi kikuu.

Wakasimamisha mashine, wakatoa sindano, wakabana pale palipovuja, wakaweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kazi ikamaliziwa kwa mpira wa shingoni. Nyumbani mkono ukawa mweusi kuanzia kiwiko kushuka chini. Tuliuwekea kitambaa cha maji ya uvuguvugu siku zilizofuata, kama tulivyoelekezwa, na kila mara Nakijwa aligeuza uso ukutani.

Kisha mumewe, Mbwambo, akapiga simu kutoka mlimani. Mama amepoteza hamu ya kula. Ukimpelekea uji, anauliza ni nani aliyeupika.

Tulipokwenda tena hospitali, Nakijwa alikunja mkono wa gauni mwenyewe na kuunyosha ule mkono mweusi kitandani.

"Sista, nichome."

"Mama, huu haujapona."

"Nichome tu. Nitavumilia."

Sista Kabula akavuta kiti akakaa. "Juzi ulianza kuumia saa ngapi? Kabla mashine haijalia?"

Nakijwa akasema, "Kabla. Mapema tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipa ruhusa ya kwenda kwetu?" Machozi yakamtoka. "Mama yangu hali, Sista. Hali mpaka nifike mimi."

Sista Kabula hakumkemea. Akauweka mkono ule juu ya mapaja yake, akagusa kovu. "Mshipa uko hai, nausikia. Lakini nikiuchoma leo tunaweza kuupoteza, tukaanza upya mkono mwingine, na mama yako akangoja zaidi. Mshipa mchanga haushurutishwi, mama. Hata kwa mapenzi."

Nakijwa akaurudisha mkono wa gauni chini. Sijapata kuona kitu kidogo kama hicho kikifanywa kwa uchungu namna ile.

Tukangoja. Weusi ukageuka kijani, kijani kikawa manjano, manjano ikafifia. Sista Kabula akaanza na sindano moja nyembamba, damu ikirudi mwilini kwa mpira wa shingoni. Safari hii, Nakijwa alipohisi moto alisema palepale, "Sista, inachoma," na sista akaacha, akaangalia, akaiweka sawa. Baadaye zikawa mbili. Siku moja mpira ukatolewa, na kidonda kilipokauka Nakijwa akaoga kwa kujimwagia maji kuanzia kichwani, jambo alilokuwa amelikosa muda wote ule. Alikaa bafuni mpaka nikagonga mlango.

Tukapanda mlimani. Mama alikuwa amekonda, ameketi kitandani. Aliijua sauti ya Nakijwa kabla hatujaingia.

"Umechelewa," alisema.

"Mama, mshipa mchanga haushurutishwi," Nakijwa akajibu, akacheka huku analia.

Mama alidhani ni methali ya watu wa mjini. Akatikisa kichwa kwa kuikubali. Nakijwa akaingia jikoni akapika uji, na mama akaumaliza. Keshokutwa yake ilitubidi kushuka, maana mashine haimngoji mtu. Mama alitusindikiza kwa kusikiliza nyayo zetu tu.

Lakini maneno yale alibaki nayo. Jirani alipompiga ng'ombe wake wa uzao wa kwanza aliyekataa kukamuliwa, mama alimwita kupitia dirishani: "Mwache, mwanangu. Mshipa mchanga haushurutishwi." Kwa bi harusi aliyelilia kwao akasema hivyohivyo. Wanawake wakayachukua hadi kisimani na sokoni.

Mama ametangulia sasa, naye hakupata kujua ni mshipa gani. Nakijwa yuko hapa Moshi bado, na mashine yake. Akipata nafasi ya kupanda kwetu, huwasikia watu wasiomjua wakionyana kwa maneno ya mama yake. Huufunika mkono wake wa kushoto kwa kanga, akasikiliza: mshipa mchanga haushurutishwi.