Kibuyu cha Nyuki

Hadithi? Semeni ije, maana nimechoka na siiti mara mbili.

Paliondokea mjane, Mwatime, na jirani yake Mbwana, tajiri mwenye kinu cha mafuta ya ufuta. Walifyeka vichaka vyote, mashamba yakang'aa kama ua uliofagiwa. Zimwi la vichakani likawatia nyuki wote kibuyuni, likahamia nao mlimani. Tangu hapo maua yalipukutika bure. Mwatime alikosa maboga, lakini alichokitamani zaidi ni ule mvumo wa nyuki wa asubuhi.

Akalifuata zimwi mlimani na mkufu wake wa fedha. "Nirudishie nyuki, babu."

"Nirudi nikalale wapi?"

Akaenda tena na mbuzi.

"Nirudi nikalale wapi?"

Basi akaacha pembe ya shamba bila kuipalilia. Majirani wakamcheka: "Mwatime, jembe limekushinda?" Kichaka kikaota. Zimwi likaja kukitazama, likasema, "Hapa panatosha mguu mmoja. Na mwili?"

Mwatime akamwendea Mbwana. "Kinu chako siku hizi kinakamua nini, bwana? Upepo? Zimwi linataka pa kulaza mwili."

Tajiri akatazama magunia yake matupu, akaacha ukingo mzima wa mto shambani mwake uote.

Hapo zimwi likashuka, likalaza mwili ukingoni na mguu kwa Mwatime, likazibua kibuyu.

Binti mdogo wa Mwatime akashtuka. "Mama, nini kinalia?"

"Nyamaza, mwanangu," akasema, akiweka jembe chini. "Nilikuwa nakisubiri."

Hadithi imefika kwao. Ile pembe ya nyuma ya choo, kesho msiipalilie.