Watu Hawajafika

Ndugu zangu, sogeeni mbele, jazeni safu, na anayesinzia mwenzake amguse. Leo nina neno linaloniwasha.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye cheo, akafiwa na mama yake. Majirani walipata habari alfajiri, wala hawakungoja kuitwa. Wengine walibeba majembe wakaenda kuchimba kaburi, wengine wakafunga turubai, wanawake wakateka maji na kuinjika masufuria. Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa. Kilichobaki nini? Kuswalia na kuzika. Si ndivyo tulivyofunzwa, kwamba maiti haicheleweshwi?

Yule bwana hatulii. Mara yuko barabarani, mara karudi, simu sikioni. Jua linachoma, na mawingu mazito yanapanda upande wa makaburini. Mzee mmoja wa mtaa akamwendea kwa adabu.

"Bwana, pole tena. Tumswalie mama. Mvua hiyo, kaburi litajaa maji."

"Subirini kidogo. Watu hawajafika."

Mzee akageuka kutazama uani. Pamejaa, mpaka wengine wamekalia mawe. "Na hawa je?"

"Ah! Hawa si akina yakhe tu? Mimi nangoja watu."

Subhanallah! Mmesikia? Aliyechimba kaburi si mtu. Aliyeteka maji si mtu. Mtu ni yule aliye kwenye gari la kiyoyozi, ambaye hata hiyo nyumba ya msiba haijui!

Basi wakangoja. Adhuhuri ikapita, matone yakaanza kuanguka, na simu ya mkubwa anayengojwa haipokelewi. Ndipo akatoka mlangoni bibi mmoja, mikono bado inanukia kafuri. Ndiye aliyemwosha marehemu. Alikuwa somo yake, walikaanga vitumbua pamoja tangu ujana wao.

"Mwanangu, unamngoja nani?"

"Watu, mama."

"Mama yako alikuwa nani? Si mkaanga vitumbua mwenzangu? Alikulea kwa moshi ule ule ulioniharibu mimi macho. Kama sisi si watu, basi humo ndani hamna maiti. Waambie vijana washushe turubai, twende zetu."

Simu ikamponyoka. Akakaa chini kwenye tope, bwana mzima, akalia. Kisha akainuka, akatia bega chini ya jeneza, na akina yakhe wakatia yao. Walizika huku wamelowa. Yule mkubwa alipiga simu jioni, kuuliza kama bado anahitajika.

Mnamcheka? Msimcheke. Sisi tuna majina mangapi? Makabwela, walalahoi, kapuku, akina pangu pakavu, na lile jingine siwezi kulitaja msikitini, mnalijua, naona mnainamisha nyuso. Ya nini kuyatunga yote hayo? Siku yako ikifika, atakayekuosha ni nani, waziri? Mbele ya Mola sote jina letu moja tu, waja.

Na hasira yangu hii si ya bure. Alfajiri ya leo mmoja wetu aliulizwa hapo mlangoni kama watu walikuja kuswali. Akajibu, "Wapi! Hakukuwa na mtu." Nami nilikuwa nyuma yake nikivaa viatu. Alikuwa ametoka kuswali bega kwa bega na muuza maji, na bawabu, na yule kipofu wa sokoni.