Mama Pimbi na Ghala la Dawa za Bure

Paukwa!

Pakawa!

Wenye masikio mpo?

Tupo, na hatusinzii!

Hapo zamani za kale, Kiboko alikuwa mfalme wa bonde na vilima. Siku hizo kila mnyama alipanda dawa yake nyuma ya nyumba. Asiyekuwa nayo alimwendea jirani, wakaelewana.

Siku moja Kiboko akatoa kichwa mtoni, akatangaza: "Kuanzia leo tiba ni kazi ya serikali! Ng'oeni dawa zenu zote, mzilete ghalani kwangu. Kila mtu atatibiwa bure!"

Wanyama wakapiga vigelegele. Wakang'oa, wakabeba, wakapeleka. Na ghala lenyewe Kiboko alilijenga ndani ya tope, maana kwake yeye kitu kizuri ni kile kilicholowa.

Sasa, juu mwambani aliishi Mama Pimbi, mdogo wa mwili, mkubwa wa mdomo. Kitindamimba wake alikuwa na homa kali. Asubuhi na jioni alimnywesha majani aliyoyaanika mwenyewe, na mtoto ndiyo kwanza alikuwa ameanza kufumbua macho.

Mama Pimbi akasema, "Mimi sing'oi."

Akaja Kanga, karani wa mfalme, sauti tamu kama asali.

"Dada Pimbi, leta dawa. Ni bure jamani!"

"Bure? Mbona mmeanza kwa kuchukua?"

"Ni kwa faida ya wote, dada."

"Haya, waliopeleka wamepona?"

"Wako kwenye foleni."

"Basi homa ya mwanangu haijui foleni. Kwaheri."

Kanga akateremka.

Akaja Fisi, askari wa mfalme, meno nje.

"We Pimbi! Mwenye nyingi apunguziwe, asiye nazo aongezewe. Ndiyo haki!"

"Na wewe Fisi ulipanda nini?"

"Mimi sipandi. Mimi ni mgawaji!"

"Mbona mikono inanuka, mgawaji?"

Fisi akaificha mgongoni. Ilinuka tope na majani yaliyooza.

"Mmeziozesha!" Mama Pimbi akafoka. Alijua akitoa konzi moja tu ya dawa, mwanawe haamki kesho. Akasimama katikati ya mlango. "Mwambie mfalme aje mwenyewe."

Fisi akateremka.

Akaja Kiboko mwenyewe, na wanyama wote nyuma yake. Akapanda, akapanda, jua la utosini, tone la maji hakuna. Ngozi ikakauka. Ngozi ikapasuka. Akaanguka mlangoni pa Mama Pimbi, puu!

"Nakufa! Fisi, kimbia ghalani ulete dawa ya ngozi!"

"Mtukufu," Fisi akanong'ona, "ghalani kumebaki uji."

Wanyama wakasikia. Wakatazamana.

Mama Pimbi akakata jani la shubiri lililoota mwambani, akaliinua juu.

"Nitakutibu, bwana mkubwa. Lakini kwanza sema: dawa ni ya aliyeipanda."

"Dawa ni ya aliyeipanda," mfalme akanong'ona.

"Walio nyuma kule hawajasikia."

"Ni ya aliyeipanda!"

"Na ghala?"

"Livunjwe! Nipake, mama, nipake!"

Mama Pimbi akampaka. Kiboko akateremka mbio mtoni, akazama hadi masikioni. Wanyama wakalivunja ghala, kila mmoja akarudi kupanda upya nyuma ya nyumba yake. Na jioni ile kitindamimba akaketi, akamwambia mama yake, "Nina njaa."

Enyi mnaonisikiliza, funzo ndilo hili: mkubwa akikuahidi vya bure, tazama kwanza anachobeba kutoka uani kwako. Jirani yako msaidie, tena msaidie sana, lakini kwa mkono wako mwenyewe. Uhai wa mwanao usiutie ghalani kwa mtu.

Ngano yangu naitua hapa. Anayetaka kubisha, apande mwambani akabishane na Mama Pimbi.