Sange Aliyemtoa Bi Ndovu Uani kwa Simba

Hodi masikioni!
— Karibu, masikio yako wazi!
Nije mikono mitupu?
— Njoo na kisa!

Basi, alikuwapo Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga uliosahau kukua. Aliishi kwenye majani makavu, kando ya ua wa Simba.

Na ndani ya ua ule alikuwamo Bi Ndovu. Simba alimkamata angali mtoto, akamfungia juu ya mwamba mtupu, pasipo tope wala jani. Wanyama walitoka mbali kuja kumtazama, na kila mmoja alimletea Simba kitoweo langoni. Mamba alileta samaki. Tai alileta kanga. Fisi alileta mfupa, tena uliokwisha kugugunwa. Simba akala, akanenepa, akataka zaidi.

Bi Ndovu alisimama tu, akiyumba. Kushoto, kulia, nenge! Kushoto, kulia, nenge! Kutwa. Miaka nenda miaka rudi.

Siku moja Sange akapenya kwenye ufa wa ua. Akainua macho. Akainua tena. Akazidi kuinua mpaka akaanguka chali, pu! Hakuwahi kuona mlima wenye kope.

"Shikamoo, bibi," alisema, akiwa chali vilevile.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi Sange. Tazama pua yangu. Nadhani sisi ni ndugu."

Bi Ndovu akashusha mkonga, akamnusa, fuu, fuu, manyoya yote ya Sange yakasimama. Ndipo Sange alipoziona nyayo zake, zimepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Zinauma, bibi?"

"Zinauma, mjukuu wangu. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba nimesahau sauti ya mama. Nikitaka kuita, sijui namwita nani."

Sange akatoka mle hana raha. Siku tatu hakugusa mchwa. Siku ya nne akaenda kwa Simba.

"Bwana Mkubwa, kitoweo kinakutosha?"

"Hakijanitosha hata siku moja!"

"Basi ng'ambo ya mto, kwenye Bonde la Mianzi, kuna ndovu arobaini wasiofungwa. Mmoja anakuletea samaki na kanga. Arobaini je?"

Simba akameza mate, gluk! "Nitawapataje?"

"Ndovu humfuata ndovu. Mpeleke Bi Ndovu akawaite. Watakuja wote mpaka mbele yako."

"Nitamfunga kamba nimburure!"

"Ukimburura atavunjika moyo, na ndovu aliyevunjika moyo haiti. Mtengenezee sanduku la magurudumu. Mwache alizoee, aingie mwenyewe."

Simba akanguruma, lakini tamaa ilinguruma kumshinda. Akachonga sanduku. Siku ya kwanza Bi Ndovu akatia mkonga, akautoa. Siku ya pili akatia mguu mmoja, akautoa. Siku ya tatu akatia miguu miwili, akaitoa.

"Ataingia lini?" alifoka Simba.

"Subira, Bwana Mkubwa. Mletee miwa."

Simba, mla nyama, akaenda kukata miwa! Siku ya saba Sange akatangulia ndani, gizani, akasema, "Niko hapa, bibi." Bi Ndovu akaingia.

Simba akavaa kamba begani, akavuta. Koroko, koroko, koroko! Akavuta mlimani. Koroko, koroko! Akavuta mtoni, ulimi nje.

Walipofika bondeni akafungua mlango. Bi Ndovu akashusha mguu. Udongo ukabonyea. Akauinua mguu kwa mshangao, akaushusha tena. Akachota vumbi, akajimwagia mgongoni, fwaa! Kisha akasimama. Hakuyumba.

"Aite basi!" alisema Simba.

Bi Ndovu akafungua mdomo. Sange hakusikia kitu, alihisi. Ardhi ilitetemeka chini ya vidole vyake, mtetemo ukapanda miguuni, ukapanda tumboni, mpaka ncha ya pua. Na kutoka nyuma ya mianzi, ardhi ikajibu.

Wakaja. Mianzi ikapasuka, pa! pa! pa! Ndovu arobaini, masikio wazi, vumbi likifunika jua. Sange alitaka kukimbia, akashindwa. Alitaka kulia, akashindwa. Wakamzunguka Bi Ndovu, mkonga juu ya mkonga, wakimnusa macho, wakimnusa nyayo. Kisha ndovu mmoja mkongwe, mwenye pembe moja, akapenya katikati, akamtia mkonga mdomoni, kama mtu amlishavyo mtoto.

 

"Mama," alisema Bi Ndovu.

"Vizuri!" Simba akapiga makofi. "Sasa wote sandukuni!"

Vichwa vikageuka. Polepole. Vyote.

"Nilisema watakuja mbele yako, Bwana Mkubwa," Sange alinong'ona. "Hawa hapa. Anza kumfunga umtakaye."

Simba akatazama huku, akatazama kule, mkia ukaingia katikati ya miguu. Fyuu! Akajitupa sandukuni mwenyewe. Yule mkongwe akaliweka sanduku kwenye paji la uso, akalisukuma kidogo tu. Koroko, koroko, koroko, likateremka mpaka mtoni, chubwi!

Ndovu hawakungoja kuona. Waliingia mianzini wakiwa wamebanana, Bi Ndovu katikati yao, na Sange akabaki amesimama, pua juu, mpaka mianzi ilipoacha kutikisika.

Kisa changu kimefika kituo. Mimi nashuka, ninyi endeleeni.

Na funzo lake? Enyi wenye ndovu mmoja, ridhikeni naye, msitamani arobaini. Nanyi msio na ndovu, likumbukeni pia. Huwezi kujua utaokota nini kesho.