Miguu ya Mama Kingugwa

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshaanza kumiliki simu, aliishi kijana wa fisi aitwaye Kingugwa. Mwili mkubwa, sauti ya ngurumo, lakini ubaya wake aliufanya kwa kujificha. Kwenye kundi la simu la vijana wa msituni alijiita Jicho la Porini, na hakuna aliyejua kuwa ni yeye.

Kazi yake ilikuwa kutukana picha za wenzake. Siku moja alimwandikia binti Ngiri, "Uso gani huo? Umekanyagwa na tembo?" Kundi zima likacheka, kwa! kwa! kwa! Masikini binti Ngiri akajifungia shimoni. Shule akaacha, hata chakula kikawa hakipiti.

Pimbi, rafiki wa binti Ngiri, mdogo kuliko wote lakini mjanja huyo, alimshuku Kingugwa. Ushahidi ndio hakuwa nao. Basi siku moja akatuma kundini picha ya miguu mitupu, mikavu, yenye magaga, imesimama kisimani.

Kingugwa hata hakuuliza ni ya nani. Vidole vikacheza, ta-ta-ta! "Hii miguu au kuni? Mwenye nayo aone haya kutoka nje!"

Kwa! kwa! kwa!

Ndipo Pimbi akatuma picha nzima. Lo! Mama Kingugwa, ndoo kichwani!

Miguu ile ilimzunguka Kingugwa kila siku nyumbani, na yeye macho kwenye simu, hajawahi kuitazama.

Jioni majirani wakamiminika kumpa mama yake pole, kama ilivyo ada. Hata binti Ngiri alikuja, uso ameufunika kwa kanga. Kingugwa ikabidi agawe chai.

"Pole, mama. Huyo mtoto hana adabu kabisa!" jirani mmoja akasema.

"Nimeshapoa," mama akajibu, huku akiificha miguu yake chini ya mkeka. Kisha akamgeukia mwanawe. "Baba, wewe ndiye mwenye nguvu hapa nyumbani. Nitafutie huyo aliyeniandika."

"Ndi... ndiyo, mama." Ile ngurumo yote ilikuwa imekauka.

"Ya nini kumtafuta?" Pimbi akadakia. "Ngoja nimwandikie Jicho la Porini, yeye peke yake, aje aombe radhi."

Akabonyeza. Ting! Mfukoni mwa Kingugwa.

"Ala! Labda hakusikia." Akabonyeza tena. Ting! Ting!

Watu wote wakaugeukia mfuko ule. Kikombe kikamponyoka Kingugwa, pwaa! Akapiga magoti.

"Ni mimi, mama. Sikujua kuwa ni wewe."

"Na angekuwa mama wa mwenzio, ingekuwa sawa?"

Kingugwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Wote waliocheka wakainamisha vichwa. Hata Pimbi, aliyeifanya miguu ya mama wa watu kuwa chambo, hakuthubutu kuinua macho.

Binti Ngiri ndiye aliyeinuka. Akaifunua kanga usoni, akaanza kuokota vipande vya kikombe.

"Mama yangu naye alisoma ulichoniandikia," akamwambia Kingugwa. "Yeye hakuna aliyekuja kumpa pole."

Hapo ndipo ninapoutua mzigo wangu, wanangu, na funzo lake ni hili: usimwandikie mtu kwa kujificha neno ambalo huwezi kulisema mama yake akikutazama.