Mwiko Uliolazwa Njiani

Haya, sogeeni, na aliye na neno la kunong'ona alimalize sasa. Habari hii haipendi kukatizwa.

Kulikuwa na wakati ambapo mwiko ulikuwa ni mwiko tu. Ulikuwa kipande cha mti kilichochongwa bapa upande mmoja, cha kusongea ugali na kupakulia, na kazi ikiisha kinaoshwa na kuchomekwa ukutani. Siku hizo mtu aliweza kuonywa, kuombwa, hata kubembelezwa, lakini hapakuwa na neno moja zito ambalo likitamkwa mtu husimama. Mtu akiambiwa usiende, alisikiliza kwa heshima, kisha akaenda kama alitaka kwenda. Hakuna aliyeona ubaya wake, kwa sababu nchi ilikuwa njema na mahali pote palikuwa pa kuendeka.

Katika kijiji cha Kwezinga, chini ya msitu, aliishi mwanamke aitwaye Mboza na mumewe Singano, pamoja na binti yao mdogo, Mkunde. Singano alikuwa fundi wa kuchonga. Mwaka walipooana alimchongea mkewe mwiko wa mninga, mzito, mpini wake umezungushiwa alama kama magamba ya samaki, na akajisifu kwamba mwiko ule utawazika wote wawili. Mboza alicheka. Ulikuwa mzuri kuliko mwiko wa mwanamke yeyote pale kijijini, naye alijua.

Ukaja ukame. Mto ulipungua ukawa kijito, kijito kikawa tope, na tope likapasuka. Visima vilitoa mchanga. Vijana waliokwenda msituni kutafuta asali ndio waliorudi na habari kwamba huko ndani, nyuma ya majabali mawili yaliyokaribiana kama meno, lipo bwawa ambalo jua halijaligusa. Maji yake yalikuwa meusi, baridi na matamu. Watu wakalipa jina la Tuli, kwa kuwa hata upepo ukivuma maji yale hayakutikisika.

Mboza alikwenda na mtungi wake kama wenzake. Alipofika aliona kwamba hapakuwa na nyayo za mnyama ukingoni. Hapakuwa na chura wala ndege. Mbuzi waliosukumwa hadi pale walikuwa wamekauka kwa kiu, ndimi zimewatoka, lakini walikaza miguu na kulia, wakakataa kuinamisha vichwa.

"Baba Mkunde," alimwambia mumewe, "mbona mbuzi hawanywi?"

"Mbuzi hana watoto wa kuwahurumia," alijibu Singano. "Chota, mke wangu. Mtoto ana kiu."

Akachota. Wakanywa wote watatu, na kijiji kizima kikanywa, kwa maana hapakuwa na maji mengine.

Wa kwanza kupotea alikuwa Ngoda, mtoto wa kiume wa Mdoe, na huyo Mdoe alikuwa kaka yake Singano. Kijana alikuwa ameketi na wenzake kivulini, jua likiwa utosini, akainua kichwa kama mtu aliyeitwa. "Naam," alisema, akaondoka. Wenzake walidhani ametumwa. Jioni walifuata nyayo zake hadi ukingo wa Tuli, na nyayo hazikurudi. Maji yalikuwa yametulia kama kawaida yake, na uso wake haukuwa na hata jani moja.

Baada yake akaenda mfinyanzi, akauacha udongo umelowa na mtoto analia mgongoni mwa dada yake. Kisha mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutembea bila mkongojo. Siku ile alitembea bila mkongojo. Wote walikwenda mchana, saa ile ambayo kivuli cha mtu hujificha chini ya miguu yake mwenyewe. Ndipo watu walipofahamu: aliyekunywa maji ya Tuli, siku yake ikifika, huitwa.

Siku ya Singano, Mboza alikuwa amekaa naye mlangoni. Mumewe alikuwa akichonga kigoda. Patasi ikasimama hewani.

"Naja, mama," akasema.

Mama yake alikuwa amekufa kabla Mkunde hajazaliwa.

Mboza alimshika mkono kwa nguvu zake zote. Singano akamgeukia, akamtazama kwa upole kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akavibandua vidole vyake kimoja kimoja bila kumuumiza. Mboza alimsihi, akamlilia, akamtajia mtoto wake. Kila neno alilolijua alilitumia, na hakuna hata moja lililokuwa na uzito. Alimfuata akimvuta nguo hadi kwenye majabali, hadi ukingoni. Singano aliingia majini akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayeingia ndani ya nyumba yenye upenu mfupi. Kichwa kilipozama, maji hayakutoa hata duara moja.

Tangu hapo Kwezinga ilikuwa nchi ya hofu. Asubuhi watu walifanya kazi haraka haraka, na jua likipanda walijifungia. Waliwafunga wapendwa wao kwa kamba. Lakini aliyeitwa aliipindapinda mikono ndani ya kamba hadi ngozi ikachunika, uso wake ukiwa umetulia vilevile, na mara nyingine fundo liliachia. Familia moja ilihamia milimani, mbali. Wakaonekana mchana mmoja baba na mama wakishuka mbio katikati ya miiba, nguo zimeraruka, wakapita kijijini bila kumwona mtu, wakaenda zao msituni. Na watu waliobaki walikunywa maji yaleyale, kwa sababu kiu nayo ilikuwa inaua.

Walianza hata kuogopa majina yao. Mtu akiitwa kwa jina alishtuka, akatazama mara mbili kujua ni nani aliyeita. Hivyo wakawa wanaitana mama fulani, baba fulani, au wewe tu.

Mboza hakumwacha Mkunde aende hata hatua moja mbali na macho yake. Mtoto alikuwa amekonda, amekuwa mkimya, na kila siku Mboza alimchungulia usoni akitafuta ule utulivu aliouona kwa Singano. Usiku hakulala kwa kuogopa kesho, na mchana hakukaa kwa kuogopa sasa.

Siku moja alikuwa akisonga ugali wa mtama, konzi za mwisho za ghala lake. Mkunde alikuwa kando yake akichambua mboga. Ugali ulikuwa umeanza kushikana, Mboza ameubana mpini kwa mikono miwili, mvuke umemjaa machoni. Akasikia sauti ndogo.

"Labeka, baba."

Alipofuta macho, mtoto hakuwapo.

Mboza alikimbia. Hakukumbuka kuuacha mwiko. Aliushika mkononi na bonge la ugali likiwa limeganda juu yake, likifuka moshi. Alimwona Mkunde mbele, akitembea polepole, lakini kadiri alivyokimbia hakumfikia upesi, kama mtu anayekimbia ndotoni. Alikata njia kupitia kichakani, akakwaruzwa, akamtangulia, akaangukia katikati ya yale majabali mawili. Pengo lilikuwa jembamba, la mtu mmoja. Nyuma yake aliusikia ubaridi wa Tuli ukimgusa mgongo. Mbele yake mtoto alikuwa anakuja, macho yamefunguka na hayaoni.

Hakuwa na kamba. Hakuwa na neno. Mikono aliijua kuwa haitoshi, kwa maana aliijaribu kwa Singano. Basi, kwa kukosa la kufanya, alirudi upande wa kijijini, akaulaza mwiko chini, ukakata njia kutoka jabali hadi jabali, akapiga magoti kando yake akingojea moyo umpasuke.

Mkunde alifika. Kidole cha mguu kilikaribia mpini. Harufu ya ugali wa moto ikampanda puani. Akasimama.

Akakunja uso. "Mama," akasema, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtoto mwenye njaa, "mbona umeuweka mwiko chini? Ugali utaingia mchanga."

Mboza alimkumbatia akashindwa kulia. Na akiwa bado amemkumbatia, aliitwa yeye.

"Mboza." Ilikuwa sauti ya Singano, ileile, yenye mkwaruzo mdogo wa asubuhi. "Mboza, mke wangu. Huku kuna maji na kuna kivuli. Nina njaa. Njoo."

Hofu yote ikamtoka. Hilo ndilo alilokuja kuliogopa zaidi baadaye, kwamba hofu ilimtoka na akajisikia vizuri. Akamwachia mtoto. Akainuka. Akauinua mguu.

"Mama! Mwiko!" Mkunde alipiga ukelele. Alikuwa anaogopa chakula kisikanyagwe tu.

Mguu ukabaki hewani. Mboza akatazama chini, akaona zile alama za magamba kwenye mpini.

"Kiondoe hicho kijiti," ilisema sauti kule ndani, "kiondoe upite."

Singano alikuwa amezikata alama zile moja moja akikohoa vumbi la mninga. Singano asingeuita kijiti. Kumbe aliyekuwa akimwita hakuwa amekaa naye hata siku moja, ila ameivaa sauti yake kama mtu anavyovaa nguo ya maiti. Mboza akaurudisha mguu. Sauti iliita tena, ikabembeleza, ikalia, na mwisho ikatoa mlio ambao Mboza hakuweza kamwe kuusimulia. Lakini haikuweza kuvuka chakula cha nyumbani kwake, na yeye hakuuvuka mwiko.

Kesho yake wanawake wa Kwezinga walitoka na miiko yao. Waliisimika katika pengo la majabali, ikiwa imesongewa ugali kidogo uliokuwapo, na kabla ya jua kufika utosini mmoja wao alikaa pale. Aliyeitwa alikuja na macho yake yasiyoona, na mlinzi alipaza sauti: "Mwiko!" Mtu akasimama, akatazama chini, akauliza amefikaje pale. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile kulikuwa na neno ambalo likisemwa, mtu husimama.

Siku zikapita na hakuna aliyezama. Kisha ikawa zamu ya Mboza kulinda, na aliyekuja alikuwa Mdoe, shemeji yake. Macho yake yalikuwa yanaona. Hilo ndilo lililomtisha Mboza. Hakuwa ameitwa yeye. Alikuwa amekuja kwa miguu na akili zake.

"Mwiko, shemeji," Mboza alisema.

"Nausikia," alisema Mdoe. "Lakini sikiliza nawe. Huyo ni Ngoda. Analia."

Mboza alisikiliza, na kweli palikuwa na kijana analia upande wa pili, kilio cha mtu aliyeumia mguu na anangoja babaye aje ambebe.

"Siye, shemeji. Mimi niliitwa na Singano, na hakuwa Singano."

"Labda. Wewe mwanao yuko nyumbani." Mdoe hakusema kwa hasira. "Mimi nikirudi nyumbani leo, kesho nitamsikia tena. Na keshokutwa. Nipishe."

"Mdoe, tafadhali. Ni mwiko."

Mdoe aliinama, akaung'oa ule wa mninga uliokuwa katikati, akauvunja juu ya goti lake. Mlio wa kuvunjika ulirudi kutoka majini kama umevunjwa mara nyingi. Kilio cha kijana kikakoma papo hapo. Mdoe alikwisha kupita. Aligeuza uso mara moja tu, na Mboza akaona kwamba amejua, amejua kosa lake kabla hajayafikia maji, na miguu yake haikumsikiliza tena.

Mchana ule pengo likiwa wazi katikati, na neno la mwiko uliovunjwa likiwa halimsimamishi mtu, walipita wengine ambao Mboza hakuweza kuwashika, mke wa Mdoe na nduguze, walioitwa kwa sauti ya Mdoe. Alikesha na kushinda pale na mwiko wa kuazima hadi mawingu yalipokuja. Mvua ikanyesha, mto ukarudi, na watu wakaacha kuchota Tuli. Sauti zilififia. Lakini miiko haikuondolewa.

Na tangu siku hiyo, watu wa lugha yetu wakitaka kusema kwamba jambo halifanywi, halisogelewi, halivukwi, husema ni mwiko. Anayelifanya huambiwa amevunja mwiko, hata kama hakugusa mti wowote. Anayejihadhari husemwa anashika miiko. Na mwanamke akiona mtoto anauruka mwiko uliolala sakafuni humkemea kwa ukali, kisha anauokota mwenyewe bila kusema zaidi.

Mkunde alipokuwa mkubwa alimuuliza mama yake mara nyingi ni nani hasa aliyeita siku ile, na ile sauti ilisema nini mwishoni. Mboza alifungua kinywa, akaona kwamba ili aeleze lazima aiige ile sauti, na mtoto wake alikuwa ameketi mbele yake. Akafunga kinywa.

"Mwiko," alimjibu.

Ndiyo maana mpaka leo mtoto akiuliza kwa nini hili ni mwiko na lile ni mwiko, mkubwa hugeuza uso na kujishughulisha na kazi nyingine. Watoto hudhani anawaficha sababu. Mara nyingi hanayo. Mama yake hakumwambia, wala mama wa mama yake. Alichopewa ni neno, na ule woga wa aliyelisema kwanza.